Nembo ya Mkono wa Mama

Jumatatu saa nne asubuhi, mchoraji wa nembo alitandaza karatasi kwenye meza ya jikoni, akamwambia mama yake aweke mkono wa kulia juu yake, akauzungushia penseli, kisha akaichora na mikunjo yake yote. Mama alikuwa amefua nguo za watu nyumba kwa nyumba miaka thelathini. Kampuni iliyompa binti yake kazi ilikuwa inatengeneza programu ya simu ya kuita madobi.

"Mkono wangu una uzuri gani wewe?" mama alisema.

"Tulia, mama. Huu ndio wenyewe."

Nyumba alizokuwa akifulia zilikuwa zimeshamwambia, bila hata kuona haya, kwamba zinaisubiri programu hiyo. Ikabidi na yeye aisubiri, ajisajili.

Meneja wa kampuni aliupenda mkono, ila mikunjo ilimkera. Kwenye simu ingeonekana kama uchafu. Mchoraji akaifuta. Jioni mama alirudi na kiganja cha kulia laini, hakina hata mstari mmoja.

"Sijui maji ya leo yalikuwa na nini," alisema, akaendelea kumenya vitunguu.

Jumatano meneja alitaka dole gumba linenepe, lichangamke kidogo. Alhamisi aliona vidole vitano vinabanana picha ikiwa ndogo. Mchoraji alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, na haya yalikuwa marekebisho ya kumi na saba. Akakiondoa kidole cha mwisho. Alijua nyumbani atakuta nini, na alikikuta.

"Vinne vinatosha kukamulia," mama alisema. "Wamekubali lakini?"

"Bado rangi. Wanataka kijani."

Mama akafikiri. "Kijani si mbaya. Haionyeshi madoa."

Mchoraji alifungua kompyuta autafute mkono wa kwanza. Haukuwepo. Tangu chuoni alikuwa na tabia hiyo mbaya ya kuhifadhi kila marekebisho juu ya faili lile lile, na karatasi ya penseli mama alikuwa ameshawashia jiko. Alilia kidogo bafuni, akanawa uso. Alijiambia kwamba programu ikianza, mama atakuwa wa kwanza kupata kazi. Kisha akatuma kijani.

Siku ya kusajili, madobi walipanga foleni toka mlangoni mwa ofisi ya kampuni hadi barabarani. Karani alikuwa na fulana yenye ule mkono kifuani, na alikuwa mpole sana.

"Shikamoo, mama. Weka dole gumba hapa."

Kifaa cha kusomea alama za vidole kikanyamaza. Karani akakipangusa, akalipangusa na dole lenyewe.

"Halina alama, mama. Bila alama hatuwezi kujua wewe ni nani."

"Jaribu la kushoto."

"Fomu imesema la kulia."

Mama akaweka kiganja chake cha kijani juu ya fulana. Vikalingana, kidole kwa kidole. Karani akainamisha kichwa kutazama.

"Kweli, ni huo huo," alisema. "Lakini sisi tunasajili watu, mama, hatusajili nembo. Anayefuata."

Mchoraji, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake, alimshika bega, wakatoka kwenye foleni. Walirudi nyumbani kwa miguu.

Wiki iliyofuata meneja aliomba jambo moja la mwisho kabisa. Kila mtu akifungua programu, mkono umpungie. Mchoraji alimweleza mama yake.

"Fanya tu," mama alisema. "Kazi ni kazi."

Siku hizi mama hukaa kwenye kiti karibu na mlango, beseni kavu limeegemezwa ukutani, na mkono wake wa kulia unapunga wenyewe. Asubuhi ya kwanza ulipunga mara arobaini na moja. Alihesabu, maana hakuwa na shughuli nyingine. Binti alimletea chai, akaketi kando yake, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili ili upumzike. Ukaendelea kupunga humo humo.

"Uachie, mwanangu," mama alisema. "Huyo ni mtu ana nguo chafu."