Bomba Kavu

Khoo, khoo, khoo. Kitu kilikohoa ndani ya ukuta, kikanyamaza, kikakohoa tena kama mzee anayetafuta pumzi. Dalmas, aliyekuwa amelala chali chini ya sinki la jikoni na kipande cha bomba mkononi, aliinua kichwa. Kabla hajatambua kuwa ni hewa inayosukumwa, maji ya mgao yakamlipukia usoni.

"Si nilikwambia uite fundi?" mkewe Maurine akapiga ukelele.

Alimwambia kweli. Hata kufunga koki ya nje alimkumbusha. Lakini mifereji ya maji mtaani Kilimani ilikuwa imekauka tangu Alhamisi, na Dalmas alimcheka: "Bomba kavu lifungwe la nini? Mikono ninayo." Sasa mikono hiyohiyo iliziba tundu, maji yakipenya kati ya vidole, yakimiminika hadi sebuleni, yakitafuta njia ya kushuka.

Maurine alipokimbia kufunga koki, kelele zilikuwa zimeshaanza ghorofa ya chini. Dalmas akateremka ngazi, akakwama kwenye kona ya ngazi.

Jirani wa chini, aliyeitwa Mama Wangu, alisimama mlangoni kwake amevaa kitenge kipya. Nyuma yake dari ilidondosha maji ya rangi ya chai juu ya makochi yaliyotandikwa vitambaa vyeupe. Adhuhuri hiyo wakwe walikuwa waje kumposa binti yake.

"Kasyoki!" Mama Wangu alimfokea msimamizi wa ploti hiyo ya wapangaji. "Tangi lako limefurika, wewe umelala! Nampigia mwenye nyumba. Leo utafungasha virago!"

"Mama, haki ya Mungu, tangi bado tupu..."

"Nyamaza! Wakwe zangu wakalie matope?"

Dalmas aliitazama suruali yake iliyolowa chapachapa. Angeweza kurudi juu, abadilishe nguo, ashuke na pole za jirani mwema. Mguu mmoja ulishapanda ngazi.

"Haloo? Ni huyu mtu wako..." Mama Wangu alianza kwenye simu.

"Si yeye." Sauti ya Dalmas ilitoka nyembamba, hata yeye hakuitambua. "Ni mimi, Mama. Nilifungua bomba bila kufunga maji."

Mama Wangu akashusha simu. Akamkagua toka nywele hadi miguu mitupu.

"Wewe, baba mzima? Na mafundi wamejaa hapo nje kama nzi?"

Hakufoka. Afadhali angefoka. Kasyoki naye aligeuza uso, kana kwamba amemkuta mtu uchi.

"Wakwe wakifika usiwaeleze kitu, Mama," Dalmas akasema. "Nitasimama mlangoni hapa, hivi nilivyo, niwaambie kwa kinywa changu ni nani aliyewaharibia siku."