Gari Limejaa

Kazini walimwita Kamba, na jina likamkaa. Alikuwa mpanga mizigo kwenye ghala: lori likiingia tupu, yeye ndiye aliyeamua sanduku gani litangulie na gunia lipi liwe la mwisho, na mzigo aliofunga yeye hauchezi hata dereva apite kwenye mashimo akiimba. Nyumbani ndiko alikozidisha. Mkewe akiweka sufuria pasipo mahali pake, habari yake ataisikia mpaka jioni. Kwa hiyo ilipofika safari ya likizo ya kiangazi, safari ya kupita maziwani na kulala milimani, buti la gari halikuguswa na mtu mwingine. Alilipanga mwenyewe jioni, akaacha nafasi moja pembeni ya tairi la akiba kwa ajili ya kasha la barafu, akaenda kulala ameridhika.

Asubuhi kasha likakataa kuingia.

Alilisukuma, akalilaza, akalisimamisha. Wapi! Nafasi ya jana haikuwepo, pamejaa ndi. Mtu mwenye akili zake angetoa mablanketi atazame nyuma yake kuna nini. Kamba hakutazama. Alilibeba kasha akaliweka kiti cha nyuma, katikati ya pale watakapokaa binti zake wawili, akalifunga mkanda, nalo likatulia vizuri kuliko abiria yeyote aliyewahi kumbeba. Ndipo wazo likamjia. Kiti cha mama yake kimechukuliwa. Wazo lenyewe lilikuwa tamu, na huo ndio ubaya wake.

Mama huyo alikuwa akiishi nao tangu alipofiwa na mumewe. Hakuwa na ugomvi na mtu. Tatizo lilikuwa tumbo. Gari likianza kupanda kilima, yeye husema, "Simamisha," kwa sauti ya chini, yenye adabu zote, hushuka, huvuta pumzi, hupanda, na kona mbili mbele mnasikia tena, "Simamisha." Mara ya mwisho kusafiri naye kwenda msibani, walifika watu wakitoka makaburini. Kamba, ambaye kazini hulaumiwa lori likichelewa kutoka getini, aliikumbuka safari ile kama mtu anavyokumbuka jino bovu.

Akaingia jikoni. Mama alikuwa ameshavaa, kitambaa kichwani, mikono juu ya meza, tayari kuitwa.

"Mama, gari limejaa," Kamba akasema. "Nimejaribu kila namna. Kasha limekula kiti chako."

Mama akageuza uso kuifuata sauti. "Limejaa kabisa?"

"Kabisa."

"Haya, mwanangu. Mfike salama."

Ilikuwa rahisi mno. Alitegemea maneno mawili matatu ya kumuudhi, apate pa kushikia. Hakupewa hata moja. Alipotoka uani mkewe akamuuliza mbona mama hatoki. Uongo wa kwanza haupendi kukaa peke yake, basi Kamba akajibu pale pale, chini ya dirisha la jikoni: "Amekataa dakika ya mwisho. Anasema magoti."

Mkewe akakimbilia ndani. Alirudi mnyonge. "Nimembembeleza, wapi. Ananiambia tu, 'Mumeo ameshaeleza.'"

Wakaondoka. Binti mdogo, ambaye ulimi wake hauna breki, alilitazama kasha lililokaa kando yake.

"Baba, kasha lina mkanda, bibi hana kiti?"

"Kaa vizuri," Kamba akasema.

Barabara ilikuwa nzuri. Vilima vikaanza, na gari likavipanda vyote bila mtu kusema simamisha. Kamba alijaribu kufurahia. Alipiga mluzi, akaacha. Kila kona alijikuta amepunguza mwendo na kusubiri kitu, kisha hakuna aliyesema kitu. Akajiambia kwamba mama angeteseka bure, kwamba amemfanyia hisani. Alijiambia mara nyingi mno kwa mtu anayesema kweli.

Walifika ziwa la kwanza jua likiwa limepanda. Milima ilisimama ng'ambo, na kwa kuwa hapakuwa na upepo, ilionekana tena ndani ya maji, vilele chini. Wasichana wakataka kuoga. Mkewe akafungua buti kutafuta taulo.

"Usivute hapo!" Kamba akapiga kelele. "Nitatoa mwenyewe!"

Alichelewa. Blanketi lilikuwa limetoka, na nyuma yake, pembeni ya tairi la akiba, kulikuwa na mkoba wa kahawia.

Kamba aliutazama kwanza kama mtu wa kazi, Mungu amsamehe. Ulilazwa ubavu, mpini umekunjiwa chini, na kipengo kilichobaki kimezibwa kwa kofia ya mvua. Hakuna kilichocheza njia nzima. Mkono ule aliujua. Mama yake alikuwa akiuza bilauri sokoni, na enzi hizo alizisafirisha juu ya malori bila kuvunja hata moja. "Kinachovunja si uzito," alimfundisha mwanawe, "ni pengo." Alfajiri, Kamba akinywa chai, mama alikwenda kwenye gari akaliona pengo, akaliziba.

Mkewe alikuwa ameshafungua zipu. Sweta. Kanga ya kujifunika miguu. Raba nyeupe, mpya, karatasi za dukani bado zimo ndani. Na chupa ndogo ya dawa ya macho.

"Mama alisema hataki kuja?" mkewe akauliza. "Kwa mdomo wake?"

"Alisema magoti."

"Magoti yanayouma hayanunui raba za kupandia mlima, baba watoto."

Mkewe aliinua ile chupa.

"Unajua safari hii nilimpangia nani? Jicho la mama la kushoto limekwisha. Hili lililobaki, daktari amesema dawa asubuhi na jioni, asiruke hata mara moja. Akasema pia, kama kuna kitu anataka kukiona, asingoje mwakani. Nikamuuliza mama anataka kuona nini. Akaniambia amesikia kuna mahali milima inajitazama ndani ya maji." Akapangusa pua. "Alinikataza nisikuambie mpaka turudi. Hakutaka uendeshe ukiwa na huzuni."

Milima ilikuwa pale pale mbele yao, ikijitazama. Kamba aliinamisha macho. Kila siku alikula meza moja na mama yake, na hakuwa ameona kitu. Aliona sufuria iliyokaa vibaya. Jicho la mama yake hakuliona.

Akapiga simu. "Mama, dawa yako iko huku."

"Aa, siku chache tu hizo. Msiharibu safari kwa ajili yangu."

"Kwa nini hukuudai mkoba wako?"

"Mlikuwa na haraka," mama akasema, na simu ikakatika, au aliikata.

Jibu la kweli alijipa mwenyewe. Angeudai mkoba, ingebidi aseme kwamba umo ndani. Na kama umo ndani, basi nafasi ilikuwepo, na mwanawe ni mwongo mbele ya mkewe na watoto wake. Kwa hiyo aliuacha uende, na jicho lake pamoja nao.

"Geuza gari," mkewe akasema. "Dawa ya asubuhi ameshatia. Ya jioni tuiwahi."

Wasichana walilia, mkubwa kwa hasira, mdogo kwa kumfuata mkubwa. Njiani mkewe aliuliza mara moja tu: "Alikataa, au hakukataa?"

"Tutamuuliza tukifika," Kamba akajibu. Aibu ilimpanda hadi masikioni, lakini ndivyo alivyojibu.

Walimkuta jikoni, jua likielekea kuzama, amevaa zile zile nguo za safari. Hakuwa amevua hata kitambaa. Kamba akasimama mlangoni akamtazama, safari hii kweli kweli. Aliona vidole vyake vikitambaa ukingoni mwa meza mpaka vikagusa kikombe, vikakizunguka, ndipo vikakishika.

Mkewe alimtia dawa kwanza. Kisha akapiga goti mbele yake. "Mama, niambie wewe mwenyewe. Ulikataa kuja?"

"Nilikataa," mama akasema bila kusita, akajigusa mguu. "Magoti haya."

Habari ya magoti Kamba hakumwambia mama kamwe. Aliisema uani, na dirisha lilikuwa wazi. Mama alisikia yote, akakaa nayo kutwa nzima, na sasa anamrudishia uongo wake umefuliwa na kukunjwa kama shati. Alichotakiwa kufanya ni kuupokea tu. Mambo yangekwisha hapo, na hakuna ambaye angeuliza tena.

"Hakukataa," Kamba akasema. "Mimi nilimwambia gari limejaa. Na nafasi ilikuwepo, maana mkoba uliingia. Kasha liliposhindikana, nilifurahi. Mama, nilifurahi."

Binti mkubwa akaacha kununa. Mkewe akasema maneno mawili: "Toa kasha." Hayo ndiyo maneno aliyopewa siku ile, na hakudai mengine.

Mama hakusema amesamehe wala hajasamehe. Aliomba raba zake, akazivaa pale pale jikoni, akapiga hatua kidogo kuzizoesha.

Asubuhi wakaondoka tena. Kasha lilibaki nyumbani. Mkewe alichagua kukaa nyuma na watoto, na mama akakaa mbele, kando ya Kamba, raba nyeupe zimepangwa sambamba kama za mwanafunzi. Gari likatoka mjini, likapita mashamba, likaanza kupanda kilima cha kwanza.

"Simamisha," mama akasema.

Kamba alikanyaga breki mpaka watoto wakasukumwa mbele. Akashuka, akazunguka mbio, akafungua mlango, akanyoosha mikono ampokee. Mama hakushuka. Alikuwa amekaa vile vile, ameielekeza milima uso wake wote.

"Kichefuchefu, mama?"

"Sina kichefuchefu," akasema. "Nilitaka tu kujua kama utasimama."

Kamba akaufunga mlango taratibu, akarudi kwenye usukani. Ilimchukua muda kuwasha gari, na hakuna aliyemharakisha.