Mwanya wa Milimita Nane

Walimwita Milimita, na jina hilo alijichumia kwa mdomo wake mwenyewe. Mpelekee kazi yoyote ya umeme, kabla hajauliza habari za nyumbani atauliza: kutoka waya huu mpaka ule ni milimita ngapi? Watu walimcheka, lakini waliogusa alichotengeneza walirudi kwao wazima.

Kazi aliyoionea fahari kuliko zote ilikuwa bodi moja ya ukubwa wa kiganja. Kiwanda cha vigae kilikuwa kinajenga tanuri jipya la umeme, na koili za tanuri hilo, zile nyaya za kupasha moto, zilikula volti mia sita. Swichi za koili zilitakiwa kuamriwa na kompyuta ndogo ya volti tano, iliyofungwa juu ya meza ya chuma, chini ya vidole vya mwendeshaji. Bodi ilitakiwa kupeleka amri kutoka mezani mpaka kwenye swichi, na isikubali hata kidogo umeme wa swichi urudi mezani.

Milimita aliigawa bodi kama shamba la ndugu waliogombana. Huku volti tano, kule mia sita, na katikati hapapiti waya hata wa unene wa unywele. Amri ilivuka kwa mwanga, ndani ya kijidude cheusi chenye taa upande huu na jicho upande ule. Umeme wa kulisha upande wa pili ulivuka kwa transfoma ndogo aliyoizungushia nyaya kwa mkono wake. Na chini ya vyote viwili alikata mwanya kwa msumeno, milimita nane, mtupu kabisa.

"Kaka, hapa si pametoboka?" mdogo wake wa kike alimuuliza.

"Pametobolewa. Vumbi la udongo likipata unyevu huwa ni waya. Acha likute shimo, lidondoke."

Mdogo wake huyo ndiye angekuwa mwendeshaji wa tanuri. Wamezaliwa tumbo moja. Tangu mama yao afariki ni Milimita aliyemlea, akamfundisha kulehemu kabla hajajua kusonga nywele. Milimita na mume wa dada huyo, yaani shemeji yake, walishirikiana karakana moja: Milimita anatengeneza, shemeji anaongea na wateja. Kila mtu alikula kwa kipaji chake.

Bodi ile ilikuwa na kosa moja. Siku ya kutoboa, nyigu alimuuma Milimita shingoni, drili ikaruka, ikaacha tundu pembeni pasipo na kazi yoyote. Ndugu hao wawili walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Usilizibe," dada alisema. "Ni saini ya nyigu."

Kisha Milimita akaitwa mbali kutengeneza pampu, wiki tatu. Aliifunga bodi kwa kitambaa cha flana, akamkabidhi mdogo wake. "Asiione mtu mpaka nirudi."

"Hata mume wangu?"

"Hasa huyo. Mdomo wake hauna fyuzi."

Wakacheka tena.

Aliporudi, asubuhi, alikuta karakana imefungwa. Fundi cherehani wa jirani alitoa kichwa dirishani. "Hukuambiwa? Wenzako wako kiwandani. Tanuri linawashwa leo!"

Milimita hakutua mzigo. Alikwenda na begi lake begani, ndani mna bisibisi zake na mega, kile kipimo cha kuzungusha kwa mkono kinachoonyesha kama umeme unavuja.

Kiwandani alimkuta shemeji amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama. Mbele yake kasha la chuma, mlango wazi, na juu yake limeandikwa kwa rangi nyekundu jina la shemeji peke yake. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye meza ya chuma, mkoba mapajani. Alipomwona kaka yake akainama kutazama kompyuta, ambayo ilikuwa bado imezimwa.

"Shemeji! Karibu, karibu," shemeji alisema kwa sauti ya harusini. "Meneja, huyu ni msaidizi wangu."

Milimita alichungulia ndani ya kasha. Bodi ilikuwa mpya, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Kijidude cha mwanga kilikuwa pale pale alipokiweka yeye. Transfoma pale pale. Na pembeni, pasipo na kazi yoyote, tundu.

"Hili tundu la nini?" aliuliza taratibu.

"La kupumulia joto," shemeji alimjibu, lakini alikuwa anamwangalia meneja. "Umeme mkubwa unahitaji kupumua."

Milimita alimgeukia mdogo wake. Safari hii dada hakucheka.

Kilichomkata maini zaidi ni kile ambacho hakukiona. Mwanya haukuwapo. Walinakili kosa la nyigu kwa uaminifu, wakaacha kitu pekee kinachomlinda mtu.

"Mwanya wangu uko wapi?"

"Ule ufa?" shemeji alinong'ona. "Ulikuwa unatia aibu, shem. Nimewaambia mafundi walioinakili wasiukate, kisha nikapaka rangi ipendeze."

"Jino la pembe si dawa ya pengo, bwana. Pengo lile liliwekwa!"

Alitoa mega, akabana waya mmoja upande wa volti tano, mwingine upande wa mia sita, akazungusha mpini. Sindano ilitakiwa ibaki mwisho kabisa. Ilianguka kama mlevi, ikalala karibu na sifuri.

"Rangi hii ina masizi," Milimita alimwambia meneja. "Inapitisha umeme. Mkiwasha, meza ile yote ni volti mia sita."

Meneja alirudi nyuma hatua mbili. "Nani amebuni kitu hiki?"

Na shemeji, ambaye jina lake lilikuwa bado linang'aa mlangoni, alinyoosha kidole. "Mchoro ni wa huyu. Mimi nimefuata tu."

"Kweli, mama?" meneja alimuuliza mwendeshaji wake.

"Mchoro ni wa kaka," alisema.

Kweli tupu, na ilimwingia Milimita kama msumari. "Wangu una mwanya," alisema. "Mdogo wangu, bodi yangu unayo. Itoe waione."

Dada alibana mkoba kwa viganja vyote viwili.

"Bodi gani, kaka?"

Meneja aliwapa mpaka saa nane mchana wawe wamerekebisha, akaamuru Milimita atoke. Akatoka. Ila alipopita kwenye swichi kuu, ambayo ilikuwa bado imezimwa, alichomoa fyuzi tatu nene kama vidole gumba, akazitia mfukoni. Mega aliiacha.

Alikaa nje ya lango, juu ya rundo la vigae vilivyovunjika. Saa nzima ikapita ndipo dada akatoka, flana mkononi.

"Nipe fyuzi, kaka."

"Bodi gani hiyo uliyoshika?"

Machozi yalimlengalenga. "Aliniambia anaipima tu. Akairudisha jioni ile ile. Ni mume wangu, kaka. Leo ningesema kweli, ningelala wapi?"

"Hukuulizwa utalala wapi."

"Njoo basi uifunge wewe. Nitamwambia meneja..."

"Utamwambia nini?"

Dada alianza kuikunja flana upya.

Milimita alitazama vidole vya mdogo wake, vilevile alivyovishikilia zamani vikijifunza kushika chuma cha moto. "Kulehemu unajua. Itoe ile nyeusi, weka hii. Kisha zungusha mega wewe mwenyewe, si yeye."

Dada aliingia. Alikaa sana. Aliporudi alikuwa na vumbi la udongo mpaka kwenye kope.

"Sindano haikutoka mwisho."

"Umepima mara ngapi?"

"Tatu."

Alimpa fyuzi moja, akampa ya pili, akampa ya tatu. Juu ya ile ya tatu akaweka ufunguo wa karakana.

"Kaka, wa nini tena?"

"Mwambie mumeo aandike jina lake na pale."

Akatia begi begani. Alisimama barabarani mpaka tanuri likaanza kuvuma kule ndani, akahesabu hadi mia mbili. Hakuna aliyepiga kelele. Ndipo akaanza kutembea, na njia aliyoishika haikuwa ya karakana.