Kiti cha Mjomba Delmar

Pa, pa, pa. Halafu kicheko. Kabla sijazima gari nilijua binamu yangu Tansy ameshanitangulia nyuma ya banda la nyasi la shangazi yetu, na kwamba bastola yake haijakwama hata kidogo. Roho iliniuma.

Kila Novemba, Siku ya Shukrani ya Wamarekani, ukoo wetu hula bata mzinga kwa Shangazi Verlene. Watu wazima hukaa meza kubwa. Sisi wengine, hata tukiwa na ndevu, tunabanwa kwenye meza ya watoto, magoti yakigusa kidevu, mpaka kiti kimoja kiwe wazi. Mwaka huu Mjomba Delmar alikuwa amehamia Arizona. Kiti kimoja, nasi wawili, mimi na Tansy. Shangazi akaamua kwamba kila mmoja alete bastola ya bei ya chini, ya risasi ndogo, ile ya kuchezea shabaha kwenye makopo. Bastola itakayoonekana bora ndiyo itakayopata kiti.

Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimezunguka maduka yote ya kaunti. Hii yangu mpini unajaa mkononi, kilengeo hakichezi, kifyatulio kinavutika bila kubishana. Nilikuwa nimeitungia ubeti, nikausoma mbele ya makopo, kofia mkononi:

Bei yako ni ya chini, jina lako liko juu,
Makopo yote shambani yatakulamba miguu.

Tansy aliuliza kama makopo yamepewa nakala.

Bastola yake ilikuwa ya waridi, kama kitu cha kukaushia nywele, na kilengeo cha mbele kimepinda. Alilenga nguzo ya uzio, kopo la maharage kando yake likaruka. Akalenga ndoo, kopo la pili likaruka. Alisema inakwenda kushoto tangu alipoinunua, basi wameshazoeana.

Zamu yangu. Risasi ya kwanza ililia vizuri, kopo likaanguka, nikageuka kidogo ili wanaonitazama wanione vizuri. Ya pili: tik. Ya tatu: tik.

"Labda inatafuta vina," Tansy akasema.

Shangazi, aliyekuwa akitutazama kando, alinyoosha mkono. Alikuwa bado na rola za nywele kichwani na aproni yenye unga. Alichomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akahakikisha ndani hamna kitu, akapitisha ukucha mdomoni mwa chemba, pale risasi inapokaa, taratibu, kama anayekagua meno ya farasi. Ukucha ukanasa kwenye ukingo uliobonyea.

"Royce, umekuwa ukiivuta ikiwa tupu?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba ndiyo, wiki nzima, kitandani, kwenye kahawa, hata nikitunga, ili kidole kizoee.

"Hizi risasi ndogo zinagongwa ukingoni, mwanangu. Risasi isipokuwepo, pini ya kufyatulia inagonga chuma chenyewe. Umempiga mwenzio ngumi za mdomo wiki nzima, leo unashangaa hawezi kutafuna."

Tansy alilazimika kukaa chini kwa kicheko.

Shangazi alitoa hukumu papo hapo. Ya Tansy ni takataka, ila mwenyewe anaijua. Ya Royce ni bastola safi kwa bei ile, ila mwenyewe ni balaa. Na kwa kuwa shindano lilikuwa la bastola, si la watu, bastola ya Royce imeshinda.

Nilirusha kofia juu. Niliirusha mapema.

Tulipoingia ndani, bastola yangu ilikuwa imekalishwa kwenye kiti cha Mjomba Delmar, tupu, magazini pembeni, juu ya kitambaa kilichokunjwa vizuri. Mbele yake kulikuwa na sahani. Mtu alikuwa ameiwekea hata kijiko cha viazi vya kupondwa. Mimi na Tansy tulirudi meza ya watoto, mimi nikiwa kati ya mapacha wawili wanaopigania mbaazi.

Nilivumilia mpaka nilipomwona Shangazi akiimiminia mchuzi kwenye sahani yake. Hapo nikasimama, meza ndogo ikainuka na magoti yangu.

"Shangazi Verlene, nakuahidi mbele ya ukoo wote: ule ukingo nitaurekebisha, sitaivuta tena ikiwa tupu, na mwaka ujao tutakaa pale mimi na bastola yangu, hata kama itabidi niipakate."