Mikono ya Kuazima Katika Duka la Vishikio

Usiku wa kuamkia Jumamosi niliota nimekwenda kununua vishikio vya kabati za jikoni, na mlangoni nikaambiwa niache macho.

Niliyaacha. Lakini kwanza nieleze kwa nini nililala na vishikio kichwani.

Fundi Kibwana alikuwa amemaliza kabati zangu hapa Kihonda, milango kumi na droo sita, zote zimepakwa rangi ya maziwa na zote hazina pa kushika. Wiki nzima tulikuwa tunazifungua kwa kuchomeka ncha ya kisu. Mezani aliniachia vishikio viwili vya mfano. Kimoja cha mviringo, cha shaba, kidogo kama kitufe cha koti, kinang'aa mpaka unaiona pua yako. Kingine kirefu, kipana, cha kijivu, kimepinda kama mpini wa ndoo.

"Amua, dada Zamoyoni," alisema. "Jumamosi saa mbili asubuhi nakuja na drili. Na tundu nikishalitoboa, silirudishi."

Nilimwuliza Mama, ambaye anaishi nami tangu mwaka jana, anapenda kipi. Hata hakuvitazama.

"Weka unachotaka. Mimi mwezi ujao narudi zangu Kilosa."

Habari ya Kilosa ilianza Jumatatu ile alipoangusha chupa ya chai, nami nikamwambia, "Mama, siku hizi umekuwa mzembe." Ilikuwa chupa ya tatu. Tangu hapo jikoni aliingia alfajiri tu, akachemsha chai kabla sijaamka, kisha mchana kutwa alikaa uani na mikono ameifungia ndani ya kanga, kama mtu anayesikia baridi. Morogoro, mwezi wa kumi na mbili.

Basi nililala vibaya. Nilijigeuza huku na huku. Kitufe cha shaba. Mpini wa ndoo. Kitufe. Mpini. Mara nikawa dukani.

Duka ni shule ya msingi niliyosoma, ila kila dawati ni droo. Mapokezini yuko Droo mkubwa wa mbao za mninga, amevaa tai. Amefunguka nusu. Ndani yake naona kalamu mbili na miwani ya mtu.

"Macho," anasema.

"Yangu?"

"Una ya mwingine?"

Nampa. Anayaweka kwenye bakuli la maji na kulifunika kwa sahani yasiingie vumbi.

"Hapa tunachagua kwa mikono," anasema. "Mteja akiingia na macho ananunua cha kutazama, halafu kesho anakuja kutusumbua."

Sikuona sababu ya kubishana. Ni utaratibu wao.

Bila macho naona vizuri tu, ila naona ninachokigusa peke yake. Nikishika meza, kuna meza. Nikiiachia, hakuna kitu. Kwa hiyo natembea nimeshika ukuta muda wote, maana sitaki ukuta uondoke.

Droo ananipeleka darasa la nne. Vishikio vimepangwa foleni, kila kimoja na bahasha ya vyeti. Inaonekana mimi ndiye ninayewafanyia usaili. Nakaa. Nakishika cha kwanza, kile cha shaba, na papo hapo naanza kuwa na wasiwasi kwamba nimechelewa, ingawa sijui nimechelewa wapi.

"Jieleze," nasema.

"Mimi ni wa shaba," anasema Kitufe. Sauti yake nyembamba, amesoma. "Nimefanya kazi kwenye nyumba yenye ngazi ndani. Wageni wote walinisifu."

"Nani alikuwa anakushika?"

"Walinisifu," anarudia.

Najikuta nampenda. Naandika alama ya vema kwenye karatasi. Anayefuata ni yule wa kijivu. Anaingia kwa ubavu kwa sababu mlango haumtoshi.

"Udhaifu wako ni nini?"

"Nanasa mikono ya nguo," anasema. "Na mifuko ya nailoni. Mwaka juzi nilimnasa bwana harusi akachelewa msikitini. Aidha, mimi si mzuri."

"Hilo nimeliona."

"Umelishika," ananisahihisha. "Macho yako yapo kwenye bakuli."

Naandika alama ya kosa. Anaaga kwa adabu, anatoka kwa ubavu.

Droo anachukua karatasi yangu, anaisoma, anaipindua, anasoma na nyuma ambako hakuna kitu.

"Umechagua Kitufe. Kwa mikono ya nani?"

"Yangu."

"Nani anatangulia kuingia jikoni kwako asubuhi?"

"Mama."

"Basi mikono uliyokuja nayo siyo," anasema, na anavuta pumzi kama karani aliyekwisha kuwaeleza watu kumi kabla yangu. "Vua hiyo. Nitakupa ya kwake. Ni ya kuazima, usiiloweshe."

Nauliza kama inauma kuvua. Anasema kuvua hakuumi. Navua mikono yangu kama mtu anavyovua glavu, anaifunga kwa mpira na kuiweka juu ya rafu kati ya mikono ya mwalimu mmoja na mikono ya mtu anayesuka mikeka. Kisha anafungua sehemu yake ya chini kabisa na kunitolea mikono ya Mama, imekunjwa ndani ya kanga.

Naitambua. Kuna alama ya kuungua kwenye dole gumba la kushoto, ya mafuta ya maandazi, mwaka nilioanza shule. Naivaa.

Naomba nieleweke: nilijua mikono ya Mama inamsumbua. Alikwisha kusema. Nilimnunulia mafuta ya kuchua, nikamnunulia na mengine. Lakini sikujua kuwa ndani ya kila kifundo cha kidole kuna kitu kama kokoto ya moto, na kwamba ukitaka kukunja kidole kokoto ile inageuka upande wenye ncha. Najaribu kukunja ngumi. Vidole vinakwenda nusu ya njia vinakataa.

"Sasa kafungue," anasema Droo.

Shule haipo tena, na kwa mikono hii naona hata nisichokigusa. Tuko kwenye ukumbi mrefu kama stesheni ya reli, na kuta zote mbili ni kabati zangu, rangi ya maziwa, mlango baada ya mlango hadi mwisho usioonekana. Kila mlango ninaouona una Kitufe wa shaba. Wote wameng'arishwa. Wote wananitazama nilivyovaa.

Kutoka ndani ya kabati mojawapo Mama anaita, "Zamoyoni! We Zamoyoni! Chai inamwagika!"

"Kabati gani, Mama?"

"Hii hii!"

Nakimbilia ile ya karibu. Nambana Kitufe kwa kidole na dole gumba. Kokoto zinageuka. Anateleza.

"Nibane," anasema Kitufe.

"Siwezi."

"Wageni wote waliweza."

Najaribu kwa mikono miwili. Nateleza, najaribu, nateleza. Nakwenda mlango wa pili, wa tatu. Kwenye ule wa nne natumia meno, na Kitufe anapiga kelele kwamba hajawahi kudhalilishwa namna hii tangu atoke kiwandani. Mama anaita tena. Sauti inatoka nyuma yangu, kisha juu, kisha kwenye mlango niliotoka kuuacha.

Wakati huo Fundi Kibwana ameanza kutoboa. Simwoni, namsikia. Na matundu anayoyatoboa, kwa kuwa hayarudishwi, hayana pa kwenda, basi yanatembea. Yanapita sakafuni makundi makundi, matundu madogo meusi, yananiomba njia. Moja linaniuliza kama hapa ndipo panapopandwa treni ya Tabora. Naliambia sijui. Linanishukuru na kukaa kusubiri.

"Fundi, acha kwanza!" napiga kelele. "Sijaamua!"

"Dada, ni saa mbili!" anajibu kutoka mbali. "Ulisema shaba!"

"Zamoyoni, chai!"

"Nakuja, Mama!"

Namrudia Kitufe wa kwanza. Jasho linanitoka. Nambana kwa nguvu zote nilizonazo, kidole cha shahada kinapiga kelele ndani kwa ndani, naye anatoka mikononi kama sabuni.

Ananitazama kwa huruma.

"Siku hizi umekuwa mzembe," anasema.

Nakaa chini. Kweli nilikaa, katikati ya matundu yale, nikaiweka mikono ya Mama mapajani na kuitazama, na sikutaka kuamka wala kuendelea kulala. Nilitaka Jumatatu irudi. Nilitaka nikae kimya Jumatatu ile, niokote vigae vya chupa, basi.

Mtu anakohoa. Ni yule wa kijivu, amesimama kwa ubavu.

"Samahani," anasema. "Najua sikupita usaili. Ila nimekaa mlango wa kumi na saba, hakuna mwingine aliyeutaka. Ingiza vidole."

"Havikunji."

"Sijasema vikunje. Nimesema viingie."

Naingiza vidole vinne. Vinaingia vyote, vimenyooka vilivyo, mpaka mwisho, na nafasi inabaki. Havibanwi popote. Kisha anasema, "Sasa rudi nyuma, kama unaondoka tu," nami narudi nyuma hatua moja kwa uzito wa mwili wangu, mkono umelegea, na mlango unafunguka.

Mama amekaa ndani juu ya kigoda. Hakuna chai iliyomwagika. Hakuna chochote mle ndani.

"Mbona umechelewa?" anasema.

"Nilikuwa nachagua vishikio."

"Mh." Anasogea kidogo. Naingia, nakaa pembeni yake, magoti yamekutana na kidevu. Mikono ya gauni lake imeishia hewani, bila viganja, maana viganja ninavyo mimi.

"Mbona umekaa humu?" nauliza.

"Humu hakuna cha kushika. Mtu hawezi kuangusha."

"Ungeniambia, Mama."

"Nilikwambia. Ukaniletea mafuta ya kuchua, yenye kifuniko cha kuzungusha." Anasema bila hasira, kama anayetaja bei ya nyanya. "Sijayafungua hata mara moja. Nilikuwa nakwambia nimeshapaka."

Nje drili imenyamaza. Yale matundu yamekusanyika mlangoni yanasikiliza, na moja linayaambia mengine yatulie.

Mama anaiona mikono.

"Hiyo si yangu hiyo?"

"Nimeazima."

Anaitazama muda mrefu, ilivyokaa mwilini mwangu.

"Inauma?"

"Inauma, Mama. Inauma sana. Wewe unachemshaje chai na mikono hii?"

Hapo Mama alifanya jambo ambalo hakulifanya hata siku tuliyomzika baba. Aliegemeza kichwa chake begani kwangu, uzito wote, akafumba macho. "Haya," akasema. "Haya, mwanangu. Basi vizuri." Akashusha pumzi ndefu kuliko kabati lenyewe, milango yote ya ukumbi ikatikisika, Vitufe vikadondoka kimoja kimoja na kubingirika kuelekea stesheni.

Tungekaa pale. Mimi nilikuwa tayari kukaa. Lakini Droo alikuja na daftari, akasema muda wa kuazima umekwisha na kuna mtu mwingine anaihitaji.

"Nani?" nikauliza.

"Mwenyewe," akasema. "Chai ya saa kumi na mbili."

Nilimwomba aniachie mimi, hata kwa wiki moja, Mama apumzike. Akapekua kanuni zake, ukurasa kwa ukurasa, akasema hilo halimo, na alionekana kusikitika kwa kadiri droo inavyoweza. Akanivua. Akamvisha Mama, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akapuliza mhuri wenye wino wa zambarau na kuugonga kwa ndani ya kifundo cha mkono wa Mama, wa kulia: IMEREJESHWA.

"Ya kwako iko rafuni," akaniambia. "Na usisahau macho."

Niliyafumbua nikiwa kitandani.

Ilikuwa saa moja kasoro. Jua lilikwisha kupenya pazia. Mikono yangu ilikuwa yangu, nyepesi mno, nikaona haya kuikunja. Nilichukua simu nikampigia Fundi Kibwana.

"Fundi, shikamoo, samahani kwa asubuhi. Lete vile virefu. Vya kijivu."

"Marahaba. Vile vya kama ndoo? Dada, si ulisema ni vibaya?"

"Vibaya kabisa. Milango yote na droo zote. Na ukiviweka, hakikisha vidole vinne vinaingia bila kukunja."

"Haya," alisema. "Nani kakushauri?"

Nilikata simu bila kujibu, kwa sababu Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia. Ameshika kikombe changu cha chai, nami kwa mara ya kwanza nikaangalia anavyokishika: amekibana katikati ya viganja viwili, vidole vimenyooka vyote kumi, kama mtu anayeomba dua. Mwaka mzima ananiletea kikombe vile.

Niliruka kitandani nikakipokea.

"Mama, nisamehe kwa ile Jumatatu. Leo nitakupeleka hospitali. Na yale mafuta nitakupaka mimi."

"Nani kakwambia kuhusu mafuta?" aliuliza, akinitazama kwa mashaka.

Nilikiweka kikombe chini. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, akawa anasugua mkono wake wa kulia kwenye kanga, anasugua, anautazama, anasugua tena.

"Hebu nitazamie hapa, Zamoyoni, macho yangu hayaoni vizuri," alisema, akaugeuza mkono juu. "Sijui nimelalia gazeti. Nimeosha kwa sabuni tangu nilipoamka, haitoki."

Kwa ndani ya kifundo, juu kidogo ya mshipa, palikuwa na wino wa zambarau. Herufi nyingi zilikwisha kufutika. Zilibaki nne za mwisho: SHWA.