Mpira wa Kitambaa cha Kijani

Mimi Honoré nimestaafu udereva, na ufundi sikufundishwa na mtu. Barabara ndiyo iliyonifundisha. Siku moja kati ya Komanda na Mambasa mkanda wa moteri ulikatika, nikafunga nyoka mahali pake, nikafika. Alikuwa amekufa, usiniulize zaidi.

Basi utaelewa vile niliumia siku Mama Hélène alipompa Blanchard gari yake. Kamioneti ile ya kubeba maharagwe niliitengeneza mimi miaka kumi na tisa, hapa hapa mtaa wa Saio. Moteri ikazeeka, akanunua ingine, na kuifunga akamwita Blanchard wa Mbunya, kijana wa miaka arobaini mwenye kuvaa gants mikononi. Gants! Utadhani anaenda kupasua mgonjwa.

"Papa Honoré, macho yako imechoka," Mama Hélène aliniambia. "Weye ukae tu, uangalie."

Nikakaa juu ya bidoni tupu ya mafuta katika uwanja wake siku tatu. Nikaangalia. Niliona chai ya Blanchard ikiletwa katika kikombe cha maua, chenye kisahani. Miaka kumi na tisa mimi nilinywea kikopo cha bati.

Sikununa sana, sababu nilijua kitu. Kuweka moteri ni nguvu tu. Kazi iko kwa mipira midogo, ile mirija ambayo moteri inavutia hewa kwayo. Ukikosea mmoja, gari inakohoa. Ukikosea mwingine, freni inakuwa ngumu. Na mipira ya gari ile niliipanga mimi. Kila mmoja ulipopasuka niliweka mpya, nikamwomba Mama Hélène kipande cha kikwembe, kitenge alichokuwa akivaa, nikaufunga alama. Kusoma vile vitambaa nilijua mimi peke yangu. Blanchard angekuja kupiga magoti mbele ya bidoni yangu.

Siku ya tatu moteri ilikuwa imekaa, na Blanchard akasimama juu yake, mikono kiunoni, mipira ikining'inia. Nikakohoa kidogo, nikajiweka sawa.

"Mama," akaita, "hii ya kitambaa ya ndege iko ya wapi?"

Mama Hélène akainama pembeni yake, mabega yao yakagusana. "Ya ndege? Nilivaa ile kwa ubatizo ya mutoto Prudence. Mwaka ile freni ilitusumbua. Iko ya freni."

"Na hii ya samaki?"

"Ile nilinunua wakati gari ilikuwa inazimika kwa kupanda mulima. Iko ya karbirateri."

Mpira kwa mpira, akamsomea yote saba. Vitambaa vyangu! Tena wakicheka!

Ukabaki wa nane, wa kitambaa cha kijani.

Huo niungame. Miaka sita iliyopita nilienda Mahagi kwa matanga, na niliporudi nikasikia Mama Hélène amepeleka gari kwa fundi mwingine. Nikaongeza mpira usioenda popote, ndani nimeuziba kwa bulo, bolti fupi, ili yeyote atakayegusa gari ile apotee. Sasa Blanchard, kwa usafi wake, bulo ameitoa akidhani ni uchafu.

"Hiyo ya kijani umuulize muzee," Mama Hélène alisema.

Blanchard akanitazama, mimi juu ya bidoni. "Hapana, Mama. Mahali yake nimeshaiona."

Akauunga pamoja na ule wa freni. Magunia ya maharagwe ya kupeleka Komanda yakapakiwa, Mama Hélène akapanda, akawasha. Moteri ikaimba vizuri, lakini chini ya wimbo nilisikia *fssss*, kama maziwa yanayotaka kuchemka. Hewa ilikuwa inaingia kwa mpira wangu. Freni ingekuwa jiwe, na njia ya Komanda ina miteremko.

Nitasema ukweli, nao kwangu ni kitu adimu: nilinyamaza. Nilianza kuhesabu faida, midomo ikicheza. Nilimwona Blanchard akirudi kwa aibu, gants mfukoni, na kikombe cha maua kikisafishwa kwa ajili yangu. Kisha nikaona mguu wa Mama Hélène, na kile kiatu chake cha plastiki, juu ya pedali.

Bidoni ilianguka. Nikasimama mbele ya gari mikono juu.

"Zima! Ule wa kijani ni uwongo! Niliuweka mimi!"

"Uwongo namna gani?" Blanchard akauliza.

"Hauendi mahali. Ulikuwa wivu tu."

Mama Hélène akatoa kichwa dirishani. "Papa Honoré, kitambaa ya kijani nani alikupatia?"

"Weye, Mama."

"Nilikuona unafunga ile mupira, unaimba. Miaka sita nangojea useme. Na hii freni nimeshaikanyaga mara tatu, iko ngumu kama jiwe. Unazani ningeondoka?"

Blanchard alicheka mpaka akaegemea gari. Akaung'oa mpira, akaziba tundu kwa bulo yangu mwenyewe. *Fssss* ikafa.

"Papa, panda mbele," Mama Hélène akasema. "Ukisikia kitu kingine, useme mbio. Usihesabu kwanza. Midomo yako nilikuwa naiona."

"Na mimi, Mama?" Blanchard akauliza. "Mbele si ni mahali yangu?"

"Weye iko na gants. Panda juu ya magunia, ushike kamba."

Chai alinipa njiani, katika kikopo kile kile cha bati. Sikulalamika. Nilishusha kioo chote, nikatoa kiwiko nje, ili aliye juu ya magunia aone vizuri.