Mtu wa Mchanga Mwenye Sura ya Joël

Likizo ikifika, watu wengine wanalima. Prof Pontien anachukua koleo na ndoo, anashuka pwani, anawajenga kwa mchanga watu wa vitabu vya kale anavyofundisha sekondari: malkia, majitu, wafalme waliogombana na watoto wao. Watoto wanashangilia, wakubwa wanapiga picha, na jioni ziwa linakula kila kitu. Mimi nilikuwa namcheka. Nilimwambia, Prof, ungefyatua matofali kwa bidii hiyo, leo ungekuwa na nyumba.

Wiki ile sikuwa na kicheko. Mume wangu Joël alikuwa amekwenda Moba, mji wa kusini mwa ziwa, kwa boti kuleta mahindi, na upepo wa kusini ulikuwa umechachamaa. Alipaswa kufika Jumatano. Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita, simu yake haipatikani. Nilikaa sokoni nikiwapimia wateja ndagala, dagaa wetu wa ziwani, huku roho yangu iko ziwani.

Ijumaa mchana simu ikalia. Alikuwa Mama Thérèse, mama mkwe wangu, kutoka mtaa wake wa Katanika.  Alikuwa analia, na nyuma yake wanawake wengine walikuwa wanalia pia, kilio kile cha kupokezana ambacho kila mtu wa hapa anakijua.

"Mama, kuko nini?"

"Mama Ketsia, weye uko wapi? Bwana yako amelala ku pwani! Batu banatutumia picha sasa!"

Amelala. Kwetu anayepeleka habari ya msiba hasemi mtu amekufa, anasema amelala. Kanisani wanasema hivyo, redioni wanasema hivyo.  Niliacha beseni palepale nikakimbia, ndala moja ikabaki njiani, na muda wote ule nilikuwa nakimbia na sitaki kufika.

Pwani watu walikuwa wamefanya duara, wanaume wamevua kofia. Waliponiona wakanipisha. Watu wakikupisha namna ile, moyo unakufa kabla hujaona chochote.

Joël alikuwa amelala chali, mkono mmoja kifuani, mwili mzima rangi ya tope, miguu imeelekea majini. Nilipiga magoti nikamshika shavu. Shavu likamomonyoka, likabaki vidoleni mwangu. Ulikuwa mchanga.

Nilicheka, kicheko kibaya ambacho sikukitambua. Halafu nikatazama uso vizuri. Kovu juu ya nyusi lilikuwepo, na ile pua iliyopinda kidogo, na mdomo ulioachama vilevile anavyoachama kitandani kwangu. Kando yake mtu alikuwa ameandika kwa kijiti, herufi kubwa: AMELALA. Waliolisoma neno lile walidhani ni tangazo la msiba, wakatuma picha.

"Prof! Umefanya nini?"

Prof Pontien alikuwa ameshikilia koleo lake. Alieleza kwamba ni baharia wa kitabu cha kale sana, mtu aliyehangaika majini miaka mingi mpaka mabaharia wengine wakamlaza pwani ya kwao, mzima, ila kwa uchovu amelala wala hajui kama amefika. Alitafuta sura ya mtu wa maji, ikamjia ya Joël.

"Ni usingizi tu, Mama Ketsia. Niliandika kusudi batu bajue hakufa."

"Na batu bamejua nini?" nikamuuliza. Ningekuwa na nguvu ningempiga kwa koleo lake mwenyewe.

Mimi ni mkristo. Siamini kwamba mchanga unaua mtu. Lakini mtu mmoja kwenye duara akasema kinyago kile kivunjwe upesi, na mwingine akadakia kwamba kukivunja ni kumvunja Joël mwenyewe, na wa tatu akauliza, je, ziwa likikichukua? Hakuna aliyefundishwa jambo hilo popote. Tulikuwa tunalitunga palepale kwa woga. Wimbi likapanda, likalamba kisigino. Nilimnyang'anya Prof koleo nikaanza kujenga ukuta mbele ya miguu ile. Najua nilivyoonekana. Wimbi la pili likapita juu ya ukuta wangu, likaondoka na mguu wa kushoto, nikapiga yowe.

Ndipo Mama Thérèse akashuka kwenye pikipiki, kitambaa cha msiba amejifunga kiunoni. Hakuuliza mtu. Alijitupa juu ya mwanawe, akamkumbatia, na uso wote ukasagika chini ya kifua chake. Alipoinuka alikuwa na mchanga mdomoni.

"Ni muchanga, Mama," nikamwambia. "Joël haiko hapa."

"Basi iko wapi?"

 Nilikuwa bado nimemshika mkono simu yangu ilipolia, namba nisiyoijua.

"Mama Ketsia, ni mimi." Alikuwa Joël. Mota ya boti ilikuwa imewaharibikia yeye na wenzake, upepo ukawatupa kwenye kijiji kisicho na mtandao. Sasa mota ilikuwa imetengenezwa, naye amepanda mlimani kutafuta mtandao, na simu ya kuazima. Watu wakashangilia. Mimi nililia, nikamwambia kilio kilichotokea, nikamsihi abaki huko hadi upepo utulie, hata wiki nzima. Akacheka, akakubali.

Mama Thérèse akaichukua simu. Alisikiliza, lakini uso wake haukufunguka.

"Sauti ni ya mwanangu," akatuambia. "Lakini mimi nimekwisha kumulilia." Halafu akasema ndani ya simu, polepole: "Kama ni weye kweli, kuya nikuguse. Leo. Usipokuya leo, nitajua ni shetani anasema na mimi."

Nikampokonya. "Joël, usimusikilize! Usipande boti!"

"Mama analia kilio yangu, nikiwa muzima," akasema, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa nyumbani. "Nitabakia huku namna gani?"

Nikamsikia anateremka mbio, anawaita wenzake wawashe mota. Nilipiga kelele mpaka simu ikakatika, na mbele yangu ziwa lote lilikuwa jeupe kwa mawimbi.